Je, Wajua? Ua la Sebuleni Linaweza Kuzama

Je, wajua kwamba ua lililozidishiwa maji hunyauka sawasawa na lenye kiu? Majani hulegea, hugeuka manjano, kisha hudondoka. Mwenye nyumba akiona hivyo hukimbilia jagi, na hapo ndipo anapolimaliza. Chanzo kiko chini ya udongo: mizizi nayo hupumua. Hewa yake huipata kwenye vinafasi vilivyo kati ya chembe za udongo, na vinafasi hivyo vikijaa maji, pumzi hukatika, kwa kuwa oksijeni hupenya majini taratibu mno, takribani mara 10,000 chini ya inavyopenya hewani. Mzizi uliokosa oksijeni hauna nguvu ya kufyonza chochote. Ua hufa kwa kiu huku limezungukwa na maji. Ling'oe uone: mzizi mzima ni mweupe na umekaza; uliooza ni wa kahawia, unanuka, na ukiuvuta ganda lake hubaki vidoleni, kikabaki kiuzi chembamba tu.

Kwa sisi wa Mwanza kosa hili lina mazingira yake. Ziwa liko mbele ya macho, lakini bomba la mtaani lina siku zake. Maji yakitoka, watu hujaza madumu, ndoo na mapipa, na maua nayo hupewa ya wiki nzima kwa mkupuo. Ila chungu hakiweki akiba. Afadhali dumu moja litengwe kwa ajili ya maua, na kabla ya kumwagilia uchomeke kidole hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu huko chini, liache ua lipumzike hata kama uso wa udongo umekauka. Siku ya kumwagilia, mwagilia mpaka maji yatokee chini. Kwa hiyo lazima kuwe na pa kutokea: ndoo ya rangi iliyogeuzwa chungu cha maua itobolewe kitakoni kwa msumari wa moto, matundu manne au matano.

Je, wajua kwamba kokoto za chini ya chungu hazisaidii kama wengi tunavyoamini? Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto. Udongo huyang'ang'ania mpaka ujae kabisa, ndipo yadondoke. Kokoto hizo hulipandisha juu tope lililokuwa litulie kitakoni, likawa karibu zaidi na mizizi. Cha kurekebisha ni udongo wenyewe.

Na kwa udongo, Usukuma ni darasa. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Mkulima wa Kisukuma aliujua mpangilio huo shambani kwake: juu, karibu na miamba ya matale, kuna luseni, udongo wa kichanga unaopitisha maji upesi, chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi mzito unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka. Wengi huchota huo mweusi kwa sababu unaonekana una rutuba. Rutuba kweli unayo, ila ndani ya chungu huwa kama saruji. Mimi nashika luseni, niichanganye na mboji au samadi iliyooza vizuri.

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Victoria yanakaribiana sana na maji ya mvua? Takribani asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake. Mito yote, Kagera ikiwemo, huleta sehemu iliyobaki. Ndiyo maana yana chumvichumvi kidogo, nayo ni bahati kwa maua yetu. Visima vya baadhi ya maeneo ya Arusha na Singida vina madini ya floraidi kwa wingi, na mimea jamii ya dracaena huungua ncha za majani ikinyweshwa maji ya namna hiyo.

Lakini mbona mafunjo ya kando ya ziwa husimama majini mwaka mzima na hayaozi? Yana njia za hewa mwilini, kutoka juu hadi mizizini, hivyo hupumulia kichwani na kushusha pumzi chini. Hili ndilo ua la chunguni linaloruhusiwa kukaa ndani ya beseni la maji. Ndugu wa tabia yake ni gugumaji: kata kile kivimbe cha kwenye kikonyo chake utaona sponji tupu, imejaa hewa. Kwao ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kama pambo la mabwawa kwa sababu ya maua yake ya zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na wavuvi wetu wanalijua lililofuata.

Sahani ya chini ya chungu imwagwe maji kila baada ya kumwagilia. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hutaga pembezoni mwa maji machache kama hayo, na mayai yake huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Isugue kabisa.

Je, wajua kwamba maua mawili yanayopendwa madirishani Ulaya asili yake ni hapa? Saintpaulia, lenye majani ya manyoya, lilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga na ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire, likapewa jina lake mwaka 1893. Usilimwagie maji baridi juu ya majani. Hutoka mabaka yasiyofutika. Na ZZ, Zamioculcas, huota porini pwani yetu na Zanzibar. Waholanzi ndio walioanza kulikuza kwa biashara kubwa mwaka 1996. Chini lina viazi vinavyohifadhi maji, hivyo linaweza kukaa wiki tatu au nne bila tone.

Yote mawili huzaa kwa jani. La Saintpaulia likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa miche baada ya wiki kadhaa. La ZZ huchukua miezi, kwa sababu kwanza huunda kiazi kidogo chini ndipo lichipue, basi usilifukue kulikagua.