Nyasi za Plastiki Hazioshwi kwa Petroli

Ndugu wafanyakazi wa Mahoko, Uwanja wa Umuganda pale Gisenyi ulitandikwa nyasi za plastiki, na mwaka 2016 michezo ya CHAN ilichezwa juu yake. Kuzisafisha ni kazi yenye ujuzi.

Chai au soda ikimwagika, ifyonze kwa kitambaa kabla haijakauka, kisha osha kwa maji na sabuni kidogo, usuuze. Damu yataka maji baridi. Chingamu igandishwe kwa barafu, ndipo ibanduliwe. Petroli na brashi ya waya ni mwiko: nyuzi huharibika, na mvuke wa petroli humdhuru msafishaji.

Ukiamriwa kutumia petroli, mwite mjumbe wa chama. Nyasi zikiharibika, mshahara wako usikatwe kwa kosa la aliyeamuru.