Kununua nyumba Magomeni: Hati kwanza, fedha baadaye

ENEO la Magomeni jijini Dar es Salaam, alikoishi Mwalimu Julius Nyerere kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, linavutia wanunuzi wa nyumba kwa kuwa kando ya Barabara ya Morogoro, inayopitiwa na mabasi yaendayo haraka tangu mwaka 2016.

Hata hivyo, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma. Mwenye hati hupewa haki ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99.

Hivyo, mnunuzi hana budi kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ajue miaka iliyosalia na kama nyumba imewekwa rehani. Iwapo ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wa muuzaji ni lazima. Bila hiyo, mahakama inaweza kubatilisha mauzo na mnunuzi akabaki akidai fedha zake.