Mkono Uliopooza na Saa Inayohesabu Mwendo

Mtu aliyenusurika kiharusi arudipo nyumbani, jamaa zake hutaka kujua jambo moja: je, mkono umeanza kufanya kazi? Jibu la hospitali na jibu la nyumbani huweza kutofautiana. Mkono unaoinuka kidogo mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia huenda ukashinda mapajani kutwa nzima. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alieleza sababu mojawapo: mgonjwa hujaribu kuutumia, hushindwa mara nyingi, kisha huzoea kutoutumia hata nguvu zinapoanza kurejea.

Kwa hiyo wataalamu hupima matumizi ya kila siku kwa njia mbili. Ya kwanza ni dodoso. Lijulikanalo sana, Motor Activity Log, humwuliza mgonjwa kuhusu kazi za nyumbani moja baada ya nyingine: ametumia mkono kiasi gani, na kwa ufanisi gani, kwa alama 0 hadi 5. Ya pili ni kihisi mwendo kinachovaliwa kama saa, kimoja kwa kila mkono. Mtu mwenye afya hutumia mikono yote miwili kwa muda unaokaribiana. Hivyo ulinganisho wa vihisi viwili hueleza mengi kuliko hesabu ya kimoja.

Tunamtahadharisha mlaji kwamba mambo hubadilika mkono ukiwa dhaifu sana. Kihisi hakijui ni nani aliyeusogeza. Mgonjwa wa Tabora akibebwa kwa baiskeli kwenda Kwihara, mtikisiko wa barabara huhesabiwa. Akitembea polepole chini ya miembe ya njia ya zamani ya misafara, mkono unaoning'inia huyumba, nao huhesabiwa. Mkewe akiuinua ili kumvisha shati, huhesabiwa pia. Lakini akiulaza juu ya ungo usiteleze, huku mkono mzima ukichambua mchele, kihisi husoma karibu sifuri. Kwa maoni yetu, ungo huo ndio habari njema kuliko zote zilizohesabiwa siku hiyo.

Kabla ya kununua saa ya aina hii, muulize muuzaji ikiwa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), endapo anaiuza kama kifaa tiba. Anayeahidi kwamba saa yenyewe itauponya mkono, mwepuke. Fedha hiyo yaweza kufaa zaidi kwa nauli ya kuhudhuria kliniki, iwe Kitete au kituo kilicho karibu nawe.

Ukiwa nayo tayari, mgonjwa aivue awapo safarini, na muda wa kuivua uandikwe. Kisha tafuteni daftari. Mgonjwa na jamaa wachague kazi tatu au nne anazozijali: kuzuia bakuli, kukandamiza karatasi, kubana chupa kwapani wakati wa kufungua kizibo. Kila jioni waandike ikiwa mkono ulishiriki, na ikiwa ulisaidiwa. Msimlinganishe na jirani aliyepona haraka. Mlinganisheni na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, na daftari lipelekwe kwa mtaalamu kila miadi.

Mkono ukivimba au bega likianza kuuma, msingoje miadi. Uso ukipinda, usemi ukivurugika au udhaifu mpya ukitokea ghafla, mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo.