Mizigo Iliyofika Kwihara

Wageni wanaofika Kwihara, jirani na Tabora, hulitazama tembe lililojengwa upya na kumkumbuka msafiri. Hapo ndipo David Livingstone alipongoja wapagazi kutoka pwani, tangu mwandishi wa habari Stanley alipomuaga Machi 1872 hadi Agosti. Mimi nilinaswa na jambo jingine: mzee yule alikuwa tabibu.

Homa aliitibu kwa vidonge vya mchanganyiko wake: jalapa, rubabu, kalomeli na kwinini. Kisha kwinini iliendelea kutolewa kila baada ya saa mbili hivi, hadi masikio ya mgonjwa yavume au aanze kuwa kiziwi. Maabara hakuwa nayo. Mvumo wa masikio ndio uliomwambia kwamba dawa imekolea. Nimeutafakari sana mvumo ule, kwa kuwa swali lake bado ni letu: daktari atajuaje kwamba dawa imefika ilikotumwa?

Chukua lithiamu, chumvi ambayo John Cade wa Australia aliitangaza mwaka 1949 kuwa tiba ya wazimu wa kupandwa na msisimko. Leo daktari hupima damu, akitaka kwa kawaida milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Lakini damu ni njia tu. Mwisho wa safari ni ubongo. Kupima damu ni kuhesabu mizigo pwani, Bagamoyo, kabla haijasafiri bara. Livingstone aliyajua machungu ya mizigo isiyomfikia mwenyewe: mwaka 1871 alifika Ujiji akakuta bidhaa alizotumiwa zimekwisha kuuzwa.

Mashine ya MRI inaweza kuifuata mizigo hiyo hadi ndani. Ni sumaku na redio kwa pamoja. Katika sumaku yenye nguvu ya tesla 3, hidrojeni ya maji ya mwili huitika kwenye megahezi 128 hivi, lithiamu karibu na 50. Mashine iliyotegwa kusikiliza maji haiisikii lithiamu, mpaka ipewe antena yake. Hata hapo sauti ni hafifu, kwani penye chembe moja ya lithiamu pana hidrojeni kiasi cha laki moja.

Mwaka 2020, watafiti wa Ufaransa waliotumia sumaku ya tesla 7 walionyesha kwamba dawa haienei sawasawa ubongoni: sehemu iitwayo hipokampasi, ya upande wa kushoto, ilibeba zaidi. Kwa nini huko? Je, ndiyo sababu mmoja hupona na mwenzake hapana? Nayo mashine iliyoundwa Mbarara, Uganda, mwaka 2022 kwa siku 11, fahari yetu, ina tesla 0.05. Yaona maji, lithiamu ingali mbali nayo. Lini wagonjwa wetu watapimwa hivyo?

Hadi siku hiyo, damu ndiyo shahidi tuliye naye. Ndugu unayetumia lithiamu, usikose kipimo, usipunguze chumvi wala maji kwenye jua hili la Tabora bila kumuuliza daktari, na usiiache dawa ghafla.