Presha na Watu: Kweli na Si Kweli Kutoka Mukuyuni

Presha ikitajwa sokoni Mukuyuni, Makueni, hakosekani mtu wa kusema kwamba huo ni ugonjwa wa mawazo, na dawa ya mawazo ni watu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imechanganyika na makapi. Tuipepete.

“Mwenye watu wa kumfariji hapati presha.”

Si kweli. Mawazo huupeleka moyo mbio na kukaza mishipa, kisha mwili hutulia. Presha inayokaa ina wazazi wengi: umri, ukoo, chumvi, uzito, pombe. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliowafuata Waluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Ndani ya mwezi wa kwanza presha zao zilikuwa tayari juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani. Mtu angesema ni upweke wa jiji. Lakini mkojo wao ulionyesha sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi, imepanda ikilinganishwa na potasiamu. Anayeondoka nyumbani humwacha mama, na huiacha pia sufuria ya mama. Hata kijana wa Makueni akifika Nairobi, muthokoi na maharagwe yake hugeuka chipsi za kibandani.

“Basi upweke hauna lake.”

Si kweli pia. Huko Chicago, watu 229 wa umri wa miaka 50 hadi 68 walifuatwa kwa miaka kadhaa. Waliojihisi wapweke zaidi mwanzoni ndio ambao presha yao ilipanda zaidi baadaye. Kilichopimwa ni kujihisi mpweke. Bibi anaweza kuwa na boma lililojaa wajukuu na bado asiwe na wa kumwambia neno.

“Chama kinaweza kusaidia kushusha presha.”

Kweli, ila usikipigie vigelegele mapema. Magharibi mwa Kenya, watu 2,890 wenye presha au kisukari waligawanywa katika makundi manne, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Waliohudumiwa kwa njia ya kawaida walishuka pointi 11.4 katika namba ya juu, kwa wastani, baada ya mwaka mmoja. Waliokutana na wahudumu kwa vikundi, na pia wakawa katika chama cha kuweka na kukopeshana, walishuka 16.4. Hesabu za kina hazikutosha kuthibitisha kwamba tofauti hiyo haikuwa ya bahati tu, lakini mwelekeo wake unatia moyo.

Mkamba haoni ajabu hapo. Mwethya, yaani kazi ya ushirika kijijini, ulichimba matuta ya milima yetu kwa mtindo huohuo: leo shamba lako, kesho langu. Kwa mgonjwa, jembe hugeuka kuwa nauli ya kliniki, au jirani anayepita kukuchukulia dawa zako, au mke anayekubali kupunguza chumvi katika chungu cha nyumba nzima badala ya kukupikia peke yako. Maneno matamu pekee hayafiki mbali. Na kuna vyama vinavyopandisha presha. Muulize aliyetorokwa na mweka hazina.

“Ningekuwa na presha, watu wangu wangeona.”

Si kweli. Presha kwa kawaida haina dalili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne anayo, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa kamwe. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamekuwa wakipewa mikoba yenye mashine ya presha. Mmoja wao akipita kwenu, mpe mkono akupime.

“Nikipata faraja, niache tembe.”

Si kweli. Hata usijaribu bila daktari.

“Gumzo na rafiki wakati wa kupimwa hutuliza namba.”

Si kweli, na hili huwashangaza wengi: kuongea huku mkono umefungwa kitambaa cha mashine hupandisha kipimo. Keti dakika tano, egemeza mgongo, nyayo zikanyage sakafu, mkono uwe usawa wa moyo. Rafiki aliyekusindikiza anyamaze mpaka namba zisomeke.