Rauta ya Zamani: Ina Kosa Gani?

Intaneti ikianza kusuasua nyumbani, wa kwanza kulaumiwa ni kile kiboksi cheupe kilichokaa juu ya kabati la televisheni. Mwenye nyumba wa Mbeya anashuka Mwanjelwa, anazunguka maduka ya vifaa vya simu, anarudi na rauta mpya yenye antena nne. Jioni video inakwama palepale.

Mei 12, 2024 hata rauta ya bei mbaya isingefaa kitu: nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu chini ya bahari, upande wa Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikabaki na intaneti ya kuvizia. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, pima. Unganisha kompyuta kwa waya, pima kasi, kisha chomoa waya na upime tena kwa Wi-Fi ukiwa palepale. Kama kwa waya nako ni kobe, Wi-Fi haina hatia.

Kwa rauta za laini, ambazo ndizo nyingi mitaani, fungua ukurasa wake wa mipangilio (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1) na utafute RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Hasi 85 ni nzuri. Hasi 115 ni taabu. Tofauti hiyo ya desibeli 30 maana yake mawimbi yamepungua nguvu mara 1,000. Bati huyarudisha yalikotoka, na ukuta wa tofali hupunguza yanayopita. Kuisogeza rauta dirishani, upande wa mnara, ni bure.

Ile inayojizima na kujiwasha, hasa jioni watoto wote wakiwa hewani, mara nyingi inaumwa adapta. Fundi akiipima kwa mita ikiwa haijabeba mzigo, inasoma volti 12 safi. Akiiunganisha na rauta na watu wakaanza kupakua, inashuka hadi 10 au chini yake, na rauta inazima. Ndani ya adapta mna kapasita ambazo kimiminika chake hukauka polepole; ikifunguliwa utaziona zimevimba kichwani. Kwa kanuni ya mafundi, joto likiongezeka nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi yake inajulikana, lakini rauta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama tunavyofunika kila kitu sebuleni, inaishi kwenye joto la Kyela. Ondoa kitambaa, nunua adapta yenye volti zilezile na ampea zisizopungua za mwanzo.

Kuhusu kasi, kiwango cha 802.11n cha mwaka 2009 bado kinatosha nyumba inayolipia Mbps 20. Ukivutiwa faiba ya 100, hapo kitakubana, na hata tundu la waya la rauta ya namna hiyo huenda likawa na kikomo cha Mbps 100 hizohizo. Kuna na msongamano: bendi ya GHz 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na mtaa wenye nyumba zilizobanana kama Mwanjelwa unagombania hizohizo. GHz 5 ina nafasi zaidi, ingawa ukuta huichosha upesi.

Lakini mimi naihofia zaidi rauta isiyosumbua kabisa. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alionyesha udhaifu katika WPA2, ulinzi uliokuwa ukitegemewa na karibu kila Wi-Fi. Mwaka uliofuata kirusi VPNFilter kiligundulika katika vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi 54, vingi vikiwa rauta za nyumbani ambazo taa zake ziliwaka kama kawaida. Matundu ya namna hii huzibwa kwa masasisho ya programu, na mtengenezaji akishaacha kuyatoa, hakuna adapta wala dirisha litakalosaidia. Katika ukurasa uleule wa mipangilio angalia tarehe ya programu. Kama ni ya miaka mingi nyuma na kwa mtengenezaji hakuna mpya, hiyo ndiyo ya kubadilisha, hata kama inakimbia.

Dukani, waache wahesabu antena. Wewe ulizia WPA3, mrithi wa WPA2, na masasisho yatatolewa hadi lini. Ya zamani usiiuze kabla ya kubonyeza kitufe cha ndani kwa pini, sekunde kumi hivi, mpaka taa zizime na kuwaka upya. Bila hivyo, nywila yako ya Wi-Fi bado imo humo.