Maiki ya MC: masafa kwanza, chapa baadaye

MC anawaita shangazi za bibi harusi waingie wakicheza. Kwenye spika inasikika sauti ya mwanaume mwingine kabisa, anatangaza kukatwa keki ukumbi wa jirani. Wageni wanacheka, kamati haicheki.

Chanzo ni bei. Seti za maiki zisizo na waya za bei ya chini kabisa zinazouzwa Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, mara nyingi ni za VHF na masafa yake yamefungwa kiwandani. MC wawili wakinunua seti za aina moja na kukutana kumbi zinazopakana, mmoja lazima anyamaze. Zile za 2.4 GHz hazina usumbufu wa kuseti, ila zinagombea anga na Wi-Fi na Bluetooth, na ukumbini kila mgeni ana simu. Inabaki UHF ya kubadilisha chaneli. Ni ghali zaidi, lakini kwa anayelisha familia kwa kusherehesha, sioni cha kujadili.

Hata hivyo UHF ina mtego wake. Masafa ya 700 MHz, yaliyokuwa ya televisheni, yamehamia kwenye simu. Hapa Tanzania mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliyapiga mnada mwaka 2018. Marekani ilipiga marufuku maiki kwenye masafa hayo mwaka 2010, na mwaka 2020 ikafunga sehemu kubwa ya 600 MHz. Ukiletewa seti iliyotumika huko, jina kubwa kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini mwenyewe aliiuza.

Jina nalo linadanganya. Maiki ya Shure SM58 ipo sokoni tangu 1966, na feki zake ni nyingi. Isitoshe, hata ile halisi huharibiwa na mkono: MC akikumbatia kichwa cha maiki kama wasanii wa rap, kinaanza kuokota sauti za pande zote na spika zinapiga mluzi. Risiva nayo iwekwe juu, isifichwe nyuma ya meza ya DJ, kwa sababu miili ya watu wanaocheza hunyonya mawimbi.

Upande wa betri, chagua ya AA. Betri ya ndani ikizima saa nne usiku, zawadi bado hazijatolewa, utaichaji saa ngapi? AA unabadilisha kabla wimbo haujaisha, na za kuchaji hupunguza gharama.

Dukani usianze na bei. Geuza risiva, soma masafa yaliyoandikwa nyuma. Ukikuta 700 na kitu, mrudishie muuzaji.